Ndani ya Land Rover 109 ni kifuniko cha mashine, si sebule

Giaboksi ya Land Rover 109 kwa kawaida haishushwi chini. Hupandishwa juu, ikapita ndani ya gari na kutokea mlangoni, baada ya kung'oa viti vya mbele, vibao vya sakafu, kifuniko cha giaboksi na lile sanduku la bati linalobeba viti. Anayetaka kutengeneza upya ndani ya gari hili nyumbani kwake aanzie hapo. Makosa mengi yanayoonekana kwenye magari haya yametokana na mtu kufanya kazi kama anayepamba sebule: kapeti limegandishwa kwa gundi hadi pembeni, kila upenyo umemiminiwa silikoni, sakafu imepigwa riveti. Siku klachi inapoisha, yote hayo yanang'olewa kwa tindo na nyundo, na pesa ya mapambo imekwenda na maji. Kila kinachoingia ndani ya 109 kiweze kutoka kwa spana na bisibisi, na kurudi kikiwa kizima.

Linalozungumzwa hapa ni stesheni wagoni ya milango mitano, Series IIA iliyotengenezwa 1961 hadi 1971 na Series III iliyofuata mpaka 1985. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama sentimita 277. Waliokuwa Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover walijionea ni wakongwe wangapi bado wanatembea kwa miguu yao. Zipo 109 za viti 10 na za viti 12. Ile ya 12 haikuzaliwa kwa sababu ndani kuna nafasi ya watu 12. Kule Uingereza gari la viti hivyo lilihesabiwa kama basi, likakwepa kodi ya ununuzi ya wakati huo. Ndiyo maana benchi za nyuma ni nyembamba vile, na ukizijaza sponji nene magoti ya abiria yanagongana.

Kabla ya spana ya kwanza, toa kwenye betri waya wa athi, ule unaoiunganisha betri na mwili wa gari, kisha hakikisha unajua mafuta yako wapi. Tangi la asili la stesheni wagoni liko nyuma, chini ya sakafu, lakini mengi yameongezewa tangi la pili chini ya kiti cha mbele. Fungua vifuniko vya sanduku la viti uone kwa macho kabla hujawasha grenda. Cheche za grenda huruka mita kadhaa, na mvuke wa petroli kwenye tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa.

Bolti za ndani karibu zote ni za inchi: robo inchi na 5/16, uzi wa UNF, yaani uzi mwembamba wa inchi. Robo inchi hufunguliwa kwa spana ya 7/16, na 5/16 kwa spana ya nusu inchi. Spana ya milimita 11 inabana mno kwenye 7/16, ambayo ni milimita 11.1, na ile ya 13 inacheza kwenye nusu inchi, ambayo ni 12.7, mpaka inakula pembe za nati. Lakini balaa kubwa liko kwenye kurudisha, si kwenye kufungua. Bolti ya M8, yaani ya milimita 8, ina unene karibu sawasawa na 5/16. Ukiziweka kiganjani huzitofautishi. Uzi ndio tofauti: 5/16 UNF ina nyuzi 24 kwa inchi, M8 ya kawaida ina kama 20. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, mtu anadhani ni kutu, anaongeza mkono, na nati iliyochomelewa nyuma ya bati inang'oka ikabaki inazunguka bure mahali ambapo kidole hakifiki. M6 na robo inchi nazo zisichanganywe. Nunua za inchi mapema, kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam. Bolti 60 za robo inchi zenye urefu wa robo tatu ya inchi, pamoja na 20 za 5/16, zitakutosha kwa sakafu, kifuniko na sanduku. Chukua na washa pana za kutosha, na zile nati za kubana ukingoni mwa bati, maana za zamani huvunjika nyingi.

Bolti zinazoshika vibao vya sakafu kwenye sehemu ya miguu ndizo zinazogoma kuliko zote, kwa sababu chini zimekula matope miaka hamsini. Ziloweshe dizeli usiku mmoja, rudia usiku wa pili. Bado zikikataa, zikate vichwa kwa grenda au uzitoboe kwa drili. Usikimbilie moto wa gesi: bati la sakafu ni aloi ya alumini, na alumini haigeuki nyekundu kukuonya kabla ya kuyeyuka. Unaona bati liko salama, ghafla kuna shimo.

Mikeka ya zamani isitupwe kabla ya kusomwa. Mahali penye unyevu panakuambia kazi iliyo mbele yako. Maji safi yaliyotiririka kutoka juu hadi miguuni yanatoka kwenye raba za vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele, au kwenye raba ya kioo chenyewe pale kinapokaa juu ya ukuta wa chuma. Unyevu unaoteleza vidoleni na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yenye kemikali yake, na chanzo ni hita au mipira yake. Wengi wa pwani hung'oa hita kabisa, na hakuna ubaya, mradi matundu yake yafungwe kwa kibati chenye gasketi na bolti badala ya kuzibwa kwa gazeti na pati. Ukikuta rangi imevimba na kubanduka chini ya pedali ya klachi au ya breki, hapo usilaumu mvua. Hayo ni mafuta ya breki yanayovuja kutoka kwenye masta silinda, na mafuta hayo hula rangi kama asidi. Anayepaka rangi mpya bila kubadilisha raba za masta silinda atarudi kupaka tena kabla ya Krismasi.

Sasa ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, ambao mafundi huuita fayawoli. Gari lote mwili wake ni alumini isipokuwa vitu vichache, na huo ukuta ni mmoja wapo. Ni chuma, na huoza sehemu tatu: sehemu za miguu, chini ya nguzo za bawaba za milango, na pembe za juu karibu na bawaba za kioo. Chukua bisibisi bapa, gonga na sukuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza na kumeza ncha ya bisibisi. Dawa yake ni kukata hadi ufike kwenye chuma cheupe na kuchomelea bati jipya la geji 16, yaani milimita 1.6, au geji 18 ya milimita 1.2 pale panapohitaji kukunjwa. Choma vipande vya sentimita mbili tatu, ruka upande wa pili, rudi. Ukichoma mfululizo bati linajikunja na kibao cha sakafu hakitakaa tena. Kama nguzo ya mlango nayo imeoza, chomelea kwanza fimbo ya chuma ya kushikilia upana wa mlango kabla ya kukata chochote, la sivyo utamaliza kazi nzuri ambayo mlango hautaki kufunga. Kuna desturi ya kupiga kipande cha bati kwa riveti juu ya kutu na kumwaga lami. Inapendeza wiki mbili. Maji yanakaa katikati ya mabati mawili na kula vyote viwili, na nguzo inayoshika mlango si mahali pa kufanyia mchezo.

Kazi ya kuchomelea ikifanyika, hakikisha athi ya betri imetoka na waya za altaneta zimechomolewa.

Alumini na chuma ni maadui wanaolazimishwa kulala kitanda kimoja. Vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Utaiona imevimba na kutoa unga mweupe chini ya rangi, hasa ukingo wa chini wa milango, pale ngozi ya alumini ilipokunjwa juu ya fremu ya chuma, na pale sanduku la viti linapokutana na vishikizo vyake. Kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza, kila mahali mabati hayo mawili yanapokutana weka kitu katikati: utepe mwembamba wa raba, au mpako mzito wa praima iliyokauka. Pili, kila bolti ipakwe grisi ya kawaida kabla ya kuingia. Grisi ya shaba, ambayo mafundi huipenda kwa boliti za ekzosi, iache mbali na alumini, kwa sababu shaba inaongeza ule ule ugonjwa unaotaka kuuzuia. Bolti za chuma kisichoshika kutu nazo zinavutia macho lakini huila alumini kuliko zile zilizopakwa zinki. Ukizitumia, ziwekee washa za plastiki.

Kusafisha alumini kwa brashi ya waya wa chuma ni kosa la kimyakimya. Vipande vidogo vya chuma hubaki vimezama kwenye bati na baada ya muda rangi inatoa vidoa vya kutu kutoka chini. Tumia msasa wa 180, malizia na 240, uoshe kwa tina, halafu upake praima maalumu ya alumini, ile inayong'ata bati, siku hiyo hiyo. Ukiiacha hadi kesho, ngozi mpya ya oksidi imeshajitengeneza na praima itashika juu juu. Chuma kipakwe praima yake ya kawaida. Kwa ndani nzima lita moja ya praima ya alumini na lita mbili za rangi zinatosha. Msasa upigwe na maji, si mkavu, na uvae barakoa: rangi za miaka ile nyingi zina madini ya risasi, na hapo nyumbani kuna watoto.

Dashibodi ndiyo sehemu inayotisha watu bure. Series IIA ina geji zake katikati, kwenye bati. Series III ilizihamisha mbele ya dereva na kuweka plastiki, ambayo jua letu limeikausha ikawa kama biskuti. Ifungue baada ya kuianika kidogo juani ilainike kiasi, kamwe usiivute kwa nguvu ikiwa baridi na kavu. Waya wa spidomita hufunguliwa kwa nyuma kwa vidole, si kwa koleo. Kila waya ufungiwe utepe wenye namba kabla ya kuchomolewa, na piga picha, ingawa rangi za waya zenyewe zinasema: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni moto wa swichi, kijani ni moto wa swichi uliopita kwenye fyuzi, zambarau ni moto wa kudumu uliopita kwenye fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni athi. Bila shaka mikono ya mafundi wa miaka hamsini imepita humo, kwa hiyo ukikuta waya wa njano wa redio umeungwa kwenye kijani, usishangae. Kila kiungo kilichosokotwa na kufungwa nailoni kikatwe, kiunganishwe upya kwa kishikizo cha kubana.

Hapo pana kosa ambalo limewafanya wengi wabadilishe geji nzima bila sababu. Geji ya mafuta na geji ya joto kwenye Series III hazipokei volti 12. Kuna kijisanduku nyuma ya dashibodi, stabilaiza, kinachoshusha umeme hadi wastani wa volti 10 kwa ajili ya geji hizo mbili. Kijisanduku hicho kinapata athi yake kwa kugusa bati. Mtu akishapaka rangi nzuri kila mahali, akarudisha stabilaiza juu ya rangi, athi hakuna, na umeme wote wa betri unakwenda kwenye geji. Gari linaonyesha tangi limejaa na injini inachemka, vyote kwa pamoja. Geji mbili zikikosea kwa pamoja na kwa upande mmoja, tafuta stabilaiza kabla ya kitu kingine. Ikikosea moja, tafuta kwenye geji hiyo na sensa yake. Futa rangi chini ya masikio ya stabilaiza, kaza bolti, paka grisi juu. Fanya vivyo hivyo kwa kila athi ya taa na waipa, kwa sababu gari lililopakwa rangi upya huzima vitu vingi kwa sababu hiyo hiyo tu.

Sakafu. Joto la 109 linatoka chini: ekzosi, giaboksi, na injini nyuma ya ukuta. Mpangilio unaofanya kazi ni wa tabaka tatu. Kwanza shiti za butili au lami zenye utepe wa foili, unene wa milimita 2, zinazobandikwa kwenye bati lenyewe. Hazihitaji kufunika kila sentimita, nusu ya eneo la bati inatosha kuua ule mlio wa debe. Juu yake sponji isiyonyonya maji, aina ya mikeka ya mazoezi, milimita 5 au 6. Juu kabisa mpira wa sakafu wenye mistari, milimita 3, unaouzwa kwa mita. Tabaka la kwanza pekee ndilo linabandikwa, tena kila kibao kivyake, mkato ukifuata ukingo wa kibao, ili kibao kinyanyuke na ngozi yake. Mbili za juu zilale tu, zikishikwa na vizingiti vya mlango na vishikizo vinne au sita vya kubofya. Kapeti la manyoya ni adui. Ndani ya 109 mvua itaingia, siyo kama bali lini, na kapeti lililolowa juu ya chuma ni kitanda cha kutu. Wanaotaka lionekane la kifahari waweke kapeti la kuondoka, walitoe msimu wa masika.

Kabla ya kufunga kifuniko cha giaboksi, angalia mipira inayozunguka fimbo tatu: ya gia, ile yenye kirungu cha njano na ile yenye kirungu chekundu. Ikiwa imechanika, joto, vumbi na harufu ya mafuta vyote vinapita hapo, na hakuna sponji itakayosaidia. Kila tundu la waya kwenye fayawoli liwe na kipira chake kizima. Hili ni jambo la uhai pia, kwa kuwa moshi wa ekzosi hauna adabu ya kubisha hodi. Badala ya silikoni kati ya vibao vya sakafu na fremu, tumia utepe wa sponji ngumu wa milimita 3 kwa upana wa 20; mita 12 hadi 15 zitaenea. Silikoni inashika vizuri mno, na siku ya kufungua kibao kinatoka kimekunjika.

Viti ndivyo vinavyokula pesa. Kwa gari zima la viti 10, reksini yenye upana wa sentimita 137 hadi 140 inahitajika kama mita 10. Nunua 11 na zote kutoka gombo moja, kwa sababu kijivu cha wiki hii si kijivu cha wiki ijayo. Chagua reksini ya magari yenye kitambaa mgongoni, isiwe ile ya sofa; ya sofa inapasuka kwenye mikunjo ndani ya mwaka ikipigwa na jua la dirishani. Kuhusu rangi, Series III ilikuja na viti vyeusi na nyingi za kabla yake kijivu. Anayeishi Moshi, Kisumu au Mombasa, akiwa na hiari, achukue kijivu. Atakayekalia reksini nyeusi saa nane mchana akiwa na kaptura ataelewa bila kuelezwa.

Vua kava la zamani kwa kukata mishono kwa wembe, usilichane, maana vipande hivyo ndivyo ramani. Vilaze juu ya reksini mpya upande wa mgongoni, chora, na ongeza sentimita 1.2 za mshono kila upande. Kumbuka kwamba kava la zamani limevutika. Pima fremu pia, na tofauti ikizidi sentimita mbili fuata fremu. Cherehani ya kawaida ya mguu inaweza kushona tabaka mbili za reksini ikiwa na sindano namba 18, lakini pembe zenye tabaka nne itazikwepa, na hapo peleka kwa fundi viatu au fundi viti mwenye mashine nzito. Uzi uwe wa polista au nailoni. Wa pamba unaoza kwa jasho. Urefu wa mshono uwe milimita 4 hadi 5. Watu wengi hushona mishono mifupi wakidhani ndiyo imara, kumbe matundu yakikaribiana reksini inakatika kwenye mstari kama karatasi ya stempu.

Sponji isiwe ya kukisia. Kwa kitako, tafuta yenye uzito wa kilo 35 kwa mita ya ujazo au zaidi. Godoro la bei rahisi halifiki hapo, na baada ya miezi mitatu utakuwa umekalia ubao. Mpangilio mzuri ni sponji ngumu ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa, sentimita 5, halafu laini ya sentimita 2.5 juu yake. Ikate iwe kubwa kuliko kava kwa sentimita moja hivi kila upande, ijaze pembe. Ila usipite unene wa asili. Nafasi kati ya kitako na usukani kwenye gari hili ni ndogo tangu kiwandani. Ukiongeza sentimita tatu, dereva mwenye mapaja mazito hataweza kukanyaga klachi bila kugusa usukani.

Kama kitako kina ubao chini, uweke mpya wa plaiwudi ya milimita 9 hadi 12, uliopakwa vanishi mara tatu, kingo zikipewa zaidi kwa sababu ndiko maji yanakoingilia. Toboa matundu manne ya milimita 10. Reksini haipumui, bila matundu, ukikaa hewa inakosa pa kutokea na mishono inapasuka kama puto. Anika kava juani nusu saa kabla ya kulivuta, ndipo lilainike. Anza kupiga pini za stepla katikati ya kila upande, mbele, nyuma, kushoto, kulia, kisha uelekee pembeni. Ukianzia pembe moja, mikunjo yote itahamia pembe ya mwisho. Pini ziwe zisizoshika kutu, milimita 8 au 10. Na kitako kiendelee kunyanyuka kwa mkono kama kilivyotoka kiwandani, kwani chini yake ndiko kuna vifuniko, na kwenye baadhi ya magari betri au tangi.

Mikanda ya usalama isishonwe upya na yeyote. Iliyochakaa itupwe, inunuliwe mingine, na vishikizo vyake viende kwenye chuma chenye bamba la kuongezea nguvu nyuma. Bolti ya mkanda iliyoshika alumini tupu itang'oka siku inapohitajika.

Dari huja kabla ya viti kurudi. Paneli zilizofunikwa hulegea kwa sababu sponji nyembamba nyuma ya kitambaa imegeuka unga, na kubandika upya juu ya unga huo ni bure. Kwangua kila kitu kwa brashi ngumu, au tumia paneli ya zamani kama kipimo na ukate mpya kwa plaiwudi ya milimita 3. Gundi ndiyo yenye siri: ya kawaida ya viatu inalegea chini ya paa lililopigwa jua mchana kutwa, kwa hiyo omba ile inayostahimili joto, paka pande zote mbili, subiri isinate vidoleni, ndipo ubandike. Gari lenye paa mbili, ile safari rufu yenye upenyo wa hewa kati ya mabati, linapata nafuu kubwa, na matundu yake ya hewa ya darini yasifunikwe hata kama yanaharibu mstari wa dari.

Vioo vya kuteleza vya milango ya mbele hukaa kwenye reli ya chuma yenye kitambaa ndani. Kitambaa hicho kinahifadhi maji, ukungu unaota, na reli inaoza kutoka ndani. Pima unene wa kioo kabla ya kununua reli nyingine, toa kioo kwa kulowesha kwanza maji ya sabuni, na hakikisha vijitundu vya kutolea maji chini ya reli viko wazi. Ukiviziba kwa rangi umetengeneza beseni.

Kupima raba za milango, funga mlango juu ya kipande cha karatasi na ukivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo pana upenyo. Sogeza kishikio cha kitasa au ongeza raba. Zungukia mlango mzima kila sentimita 15. Kisha mtu mmoja akae ndani usiku na tochi kubwa, mwingine azunguke nje akiangalia mwanga unapotoka. Mpira wa maji uje baadaye, ukianzia chini na kupanda polepole, dakika kumi kila upande. Ukianzia juu maji yatashuka na hutajua yameingilia wapi.

Vumbi ni habari nyingine. Gari lililokatwa wima nyuma kama 109 likikimbia huacha nyuma yake hewa yenye msukumo mdogo, na vumbi la magurudumu, pamoja na moshi wa ekzosi, hunyonywa kupitia mlango wa nyuma. Watu hufunga kila kitu mbele wakidhani wanajikinga, na ndivyo wanavyozidisha. Fungua vifuniko viwili vya hewa vya mbele kidogo, kama upana wa vidole viwili, ili hewa iliyoingia mbele isukume kutoka ndani, na funga vioo vya nyuma. Ukipita kilomita kumi za murram hivyo na bado vumbi limekaa kwenye benchi za nyuma, raba ya mlango wa nyuma imelala, hasa upande wa chini karibu na bawaba. Ibadilishe kabla hujagusa kitu kingine.